Kihisi cha tanki la maji: kipi ununue Lubumbashi, na kipi ukiache dukani

Nyumba nyingi za Lubumbashi siku hizi zina matanki mawili. La chini hupokea maji ya REGIDESO, shirika la maji, au ya foraji, yaani kisima kirefu kilichotobolewa kwa mashine. La juu, kwenye mnara, ndilo linaloshusha maji jikoni na bafuni. Katikati kuna pampu, na kinachoiamuru iwake au izime ni mtu anayepanda ngazi kuchungulia, au kihisi. Ukifika dukani utaonyeshwa aina tano au sita, na muuzaji atasifia ile inayopima kwa usahihi zaidi. Kwa nyumba, usahihi si hoja. Tanki la lita 1,000 halihitaji kupimwa kwa milimita.

Muulize muuzaji jambo moja: kihisi hiki kikiharibika, pampu itabaki imezimika au itaendelea kuzunguka? Ikibaki imezimika, utakosa maji siku moja. Ikiendelea kuzunguka, itamwaga maji usiku kucha hadi udongo chini ya mnara ulainike, au itazunguka bila maji hadi sili na mota viungue. Tumepanga vihisi hapa chini kwa kufuata jibu hilo kwanza, kisha urahisi wa kumpata fundi anayekijua, na bei mwisho.

Nafasi ya kwanza: boya la umeme (floteri)

Kwa tanki la juu na la chini, anza hapa. Ni kopo la plastiki lililozibwa, ndani lina swichi na gololi ya chuma. Maji yakipanda, kopo linapinduka, gololi inabingirika na swichi inageuka. Halina saketi ya kuunguzwa na radi, halijali kama maji yana chokaa au ni ya mvua, na umeme ukatike na kurudi mara ngapi kwa siku, lenyewe linabaki vilevile.

Soma maandishi yake kabla ya kulipa. Utaona kitu kama 16(8) A 250 V. Namba iliyo nje ya mabano ni ya mizigo kama hita. Iliyo ndani ya mabano ni ya mota, na hiyo ndiyo inayokuhusu. Pampu ya HP 1 kwenye V 220 hula takriban ampea 5 ikiwa imeshazunguka, lakini inapoanza huvuta mara nne hadi sita ya hapo. Ukipitisha mkondo huo moja kwa moja kwenye boya la 16(4), siku moja vidole vya swichi vitagandana, na pampu haitazimika tena. Ndiyo maana tunasisitiza kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na koili ya umeme. Boya liwashe koili ya kontakta tu, ambayo hula sehemu ndogo sana ya ampea moja, na kontakta ndiyo ibebe mota. Kwa HP 1, kontakta ya ampea 9 za daraja AC-3 (daraja la mizigo ya mota) inatosha. Kwa HP 2 chukua ya 18. Ongeza relei ya joto, inayokata umeme mota ikivuta kupita kiasi, iliyopangwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Kwa pampu ya fezi moja, pitisha waya wa mota katika njia zote tatu za relei hiyo, moja baada ya nyingine, la sivyo itadhani fezi zimepotea na kukata bila sababu.

Boya lina nyaya tatu. Usiamini rangi, kwa sababu kila kiwanda kina mpangilio wake. Weka multimita kwenye mlio, ning'iniza boya likiangalia chini, tafuta jozi inayolia. Hiyo ndiyo jozi ya kujaza: tanki likipungua, boya linaning'inia, pampu inawaka. Kisha inua boya. Jozi inayolia sasa ni ya kulinda tanki la chini, kwa maana inaruhusu pampu ikiwa tu kuna maji. Weka boya moja juu na jingine chini, uziunge swichi zao kwa mfululizo kwenye koili ileile. Pampu itawaka ikiwa tanki la juu linahitaji na la chini linacho cha kutoa. Waya ukikatika popote, pampu inazimika. Hilo ndilo tunalolitafuta.

Tofauti kati ya kuwaka na kuzima inategemea urefu wa waya ulio huru kati ya uzito wa kushikilia na boya. Ukiacha sm 20, boya litacheza takriban sm 28 kati ya chini na juu. Kwenye tanki lenye kipenyo cha mita 1 hizo ni lita 220 hivi, yaani dakika tano na nusu kwa pampu inayotoa lita 40 kwa dakika. Hapo ni pazuri. Ukiacha sm 5 tu, pampu itawaka na kuzima kila mara mtu anapofungua bomba, na kitakachokufa kwanza ni kapasita ya kuanzishia. Ukiacha waya mrefu mno, boya litajinyonga kwenye bomba au kukwama ukutani. Likikwama likiwa chini, maji yatafurika. Kwa hiyo lifunge mbali na bomba linaloingiza maji, na upande wa pili uweke bomba la kufurikia lililo nene kuliko la kuingizia: kama maji yanaingia kwa mm 32, ya kufurika yatoke kwa mm 50.

Kasoro yake kubwa ni maji kuingia ndani ya kopo. Boya likijaa maji linazama, linaning'inia, na jozi ya kujaza inabaki imefunga. Tena umeme wa V 220 sasa unagusana na maji mnayokunywa. Njia ya kujikinga ni dijonkta difarensieli (kikata umeme kinachokata umeme unapovuja) ya milliampea 30, yaani mA 30, kwenye laini ya pampu, au bora zaidi, kontakta yenye koili ya V 24 na transfoma ndogo, ili ndani ya tanki kusiwe na V 220 kabisa. Kabla ya kulifunga, lilaze boya kwenye ndoo ya maji saa 24, ncha za waya zikiwa nje na kavu, kisha pima kati ya kila waya na maji kwa kipimo cha megaohmu. Multimita ikionyesha namba yoyote, rudisha dukani. Waya wenye maandishi H07RN-F ni wa mpira na huvumilia maji miaka mingi. Ule mgumu wa plastiki unaong'aa hupasuka mapema. Usinunue boya lenye zebaki ndani kwa tanki la maji ya kunywa, hata likiwa la bure. Na kiungo cha waya kisiwe ndani ya tanki kamwe, hata kikizungushiwa skochi (utepe wa kunata) mara kumi.

Nafasi ya pili: fimbo za elektrodi na relei yake

Kwenye foraji hizi zinalipita boya na kuwa za kwanza. Bomba la foraji la mm 110 hadi 160 halina nafasi ya boya kupinduka, lakini elektrodi hushuka vizuri kando ya bomba la pampu. Zinahitajika tatu: ndefu ya rejea, ya kati na fupi. Relei hupitisha mkondo mdogo sana wa mbadilishano kwenye maji. Ukipita, inajua maji yamefika.

Ndani ya foraji, elektrodi ya kusimamisha pampu ikae angalau mita 1 juu ya mdomo wa pampu unaovuta maji, na ya kuruhusu iwake tena ikae mita kadhaa juu yake, kulingana na kasi ambayo kisima hujaa. Kwa kisima chenye maji machache ya kiangazi, mwezi wa 9 na wa 10, hiki ndicho kifaa kinachookoa pampu ya kuzamishwa. Waya wa elektrodi ukikatika, relei huona hakuna maji na kuzima pampu.

Juu ya mnara mambo yanageuka. Hapo relei inazima pampu pale maji yanapogusa fimbo fupi. Maji ya chini ya ardhi ya Lubumbashi hutoka kwa sehemu kubwa kwenye miamba ya dolomaiti, na yana chokaa nyingi. Chokaa ikifunika fimbo fupi, relei haioni kitu, na pampu inaendelea kujaza tanki lililojaa. Ndiyo sababu hatuzipendekezi juu isipokuwa kuna mtu wa kuzifuta kwa siki au ndimu kila baada ya miezi mitatu.

Nunua fimbo za chuma kisichoshika kutu cha 316, na hakikisha relei ina kitufe cha kurekebisha wepesi wa kuhisi, kwa kawaida kuanzia kiloohmu 5 hadi 100. Maji ya foraji hupitisha umeme vizuri na hutosheka na namba ya chini. Tanki linalokinga mvua ya paa litahitaji namba ya juu, kwa sababu maji ya mvua ni maskini wa madini. Relei za bei rahisi mno zinazotumia mkondo wa upande mmoja huzila fimbo zenyewe. Baada ya miezi michache fimbo moja itakuwa imelika kama msumari wa zamani.

Nafasi ya tatu: kihisi cha shinikizo cha kuzamishwa, mA 4 hadi 20

Hiki ni cha hoteli, shule, zahanati au kiwanda kidogo, penye tanki la lita elfu kumi na zaidi na mtu wa kusoma kipimo. Hutuma kiwango cha maji kama mkondo, na uzuri wake ni kwamba tanki tupu ni mA 4, si sifuri. Kikisoma 0, waya umekatika, na kidhibiti kinaweza kuzima pampu na kupiga kengele. Nunua masafa yanayokaribia kina chako: kwa tanki la mita 2, kihisi cha mita 0 hadi 5 kitaishia mA 10.4 tu na kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Waya wake una mrija mwembamba wa hewa ndani. Ukiukunja au ukiacha ncha yake inywe unyevu, vipimo vitapotoka.

Nafasi ya nne: kihisi cha mawimbi ya sauti

Hiki hutuma sauti na kupima muda wa mwangwi kurudi kutoka kwenye maji. Vijana wanaojenga roboti na mifumo ya simu hukipenda, na kwa kujifunza ni kizuri. Usichukue aina ya HC-SR04 kwa tanki: macho yake mawili yako wazi na mvuke utayaua. JSN-SR04T ina jicho lililozibwa, lakini haioni chochote kilicho karibu kuliko sm 20 hadi 25, kwa hiyo lazima ifungwe juu zaidi ya kiwango cha kujaa. Sauti husafiri mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0 na huongeza karibu mita 0.6 kwa kila nyuzi. Tanki jeusi lililo baridi asubuhi na moto mchana litakudanganya sentimita mbili tatu, hilo linavumilika. Lisilovumilika ni matone yanayoganda kwenye jicho. Mwangwi usiporudi, programu nyingi husoma 0, na 0 maana yake "tanki limejaa" au "hakuna kipimo", kutegemea aliyeandika. Andika waziwazi: vipimo vitatu vibovu mfululizo, zima pampu. Ukiunganisha na ESP32 (ubao mdogo wa kompyuta), pini ya mwangwi hutoa V 5 wakati ubao unataka 3.3, weka rezista za kiloohmu 1 na 2 kugawa volti.

Katika viwanda vya shaba na kobalti, kwenye matanki ya asidi yenye mvuke, huwekwa rada, ambayo mvuke hauisumbui, na kihisi cha pili cha dharura kisichotegemea cha kwanza. Hata nyumbani wazo hilo linafaa: anayetaka kuona kiwango kwenye simu aweke kihisi cha sauti kwa kuonyesha, na aliache boya liamue.

Vya kuacha dukani

Kiboya kidogo cha sumaku kinachopenyezwa ubavuni mwa tanki hubeba nusu ampea tu au chini yake. Kikiunganishwa na pampu moja kwa moja hugandana siku ileile. Kihisi cha kubandika nje ya tanki hudanganywa na utando wa chokaa ndani, na kwenye tanki la chuma hakifanyi kazi kabisa.

Chochote utakachochagua, kuanzia mwezi wa 11 radi za mvua huingia kupitia waya mrefu wa mnara. Vihisi vya elektroniki viwekewe kikinga radi kwenye kisanduku cha pampu, na waya wenye ngozi ya chuma iliyofungwa ardhini upande mmoja tu. Weka pia relei ya volti yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, ili umeme unaporudi ukiwa dhaifu pampu isubiri utulie.