OptiPlex 7050 na GTX 1650 kwa gemu, Arusha: uzoefu wangu

Desktopu za ofisi zilizotumika ziko nyingi madukani Arusha mjini, na sehemu kubwa ni Dell OptiPlex. Ninayoieleza hapa ni 7050 ya kasha refu la kusimama, si ile nyembamba. Ndani ina Core i5-7500 yenye kori nne. Imeongezewa RAM ikafika GB 16, SSD ya GB 512 na kadi ya grafiksi GTX 1650 ya GB 4. Kwa anayetaka kucheza nyumbani badala ya kulipia kila mechi kwenye kibanda cha PlayStation, naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua nitaifikia.

Angalia kasha kabla hujauliza bei. Ile nyembamba ina pawa saplai ya wati 180 na inapokea kadi fupi tu, ambazo ni adimu na wauzaji wanalijua hilo. Kasha refu lina wati 240 na kadi ya kawaida inaingia bila kukata bati. Lakini hata humo hamna waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi itakula umeme wa kwenye sloti peke yake, na sloti mwisho wake ni wati 75. GTX 1650 inaishia hapohapo, ila baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6 pembeni. Ukiliona hilo tundu, irudishe mezani. Muuzaji akikwambia utabadilisha pawa saplai baadaye, jua kwamba plagi ya Dell kwenye mazabodi si ile ya pini 24 iliyozoeleka. Pawa saplai ya dukani haikubali bila adapta.

Mtego mwingine ni GT 1030. Jina ni moja, kadi ni mbili: ya kwanza ina memori ya GDDR5, na nyingine iliyotoka 2018 ina memori ya DDR4 na ni nzito mno kwenye gemu. Soma boksi, usisome bei.

Kadi nyingi zinatoka Kariakoo kwa basi, na kuna wauzaji wanaotuma mashine kadi ikiwa imeshachomekwa. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 600 hilo si jambo la kuruhusu. Kadi inacheza slotini, mashine ikifika inawaka bila picha na mtu anadhani imeungua. Dai kadi isafiri kwenye boksi lake. Ukishaichomeka mwenyewe, waya wa monita uende kwenye kadi, si kwenye tundu la juu la mazabodi. Nusu ya malalamiko ya "kadi haifanyi kazi" yanaishia kwenye waya huo.

RAM ninunue moja ya 16 au mbili za 8? Mbili za 8. Prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja, na gemu zinaacha ule mkwamo wa ghafla unapogeuka haraka. Zikae kwenye sloti za rangi moja. Usilipie RAM ya kasi ya 3200 ukidhani utafaidi, prosesa hii itaishusha hadi 2400.

Sasa umeme, ambako watu wanabania hela halafu wanalia. Mashine hizi nyingi zimetoka Ulaya na waya wake una plagi ya duara ya pini mbili. Ukiichomeka kwenye adapta ya bei poa isiyo na ethi, kasha litakupiga shoti ndogondogo ukiligusa ukiwa pekupeku. Nunua waya wa pini tatu, ni hela ndogo. Kisha UPS ya VA 650 yenye AVR (kidhibiti cha volti) ndani, kwa sababu tatizo letu si kukatika tu, ni kushuka na kupanda. Mashine na monita kwenye gemu nzito hukaribia wati 180, kwa hiyo UPS hiyo itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Isikudanganye kwamba utamaliza mechi. Betri yake itaanza kuchoka baada ya miaka miwili hivi. Washa mashine ukibonyeza F2 uingie kwenye mipangilio ya BIOS, tafuta AC Recovery, weka Power Off. Bila hivyo umeme ukirudi unaweza kuikuta mashine imejiwasha wakati laini bado inayumba. Kwa wanaohesabu Luku: saa tatu kila siku ni kama uniti 16 kwa mwezi.

Vumbi la kiangazi huku halina huruma. Kila baada ya miezi mitatu fungua kasha, shika feni kwa kidole isizunguke, kisha puliza. Pesti ya prosesa, ile inayopeleka joto kwenye kipoozi chake, kwenye mashine ya miaka hii huwa imekauka kama chokaa. Ibadilishe mara moja unaponunua. Iwashe kwanza dakika kumi ili pesti ilainike, izime, chomoa waya, legeza skrubu nne za kipoozi kwa mtindo wa msalaba. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Ndugu zetu wa Moshi, ambako Februari chumba kinachemka, waisogeze mashine mbali na ukuta.

Kwenye gemu zenyewe: GTA V kwa 1080p inakaa juu ya fremu 60 mipangilio ikiwa juu kiasi. eFootball haina shida. Counter-Strike 2 inachezeka, ila penye moshi na watu wengi prosesa ndiyo inayochoka, si kadi. Punguza vivuli kwanza, picha haziharibiki sana. Kwa mtandao, tumia waya wa Ethernet kama ruta iko karibu. Wi-Fi inayopita kuta mbili za tofali itakuua kabla ya adui. Gemu moja inaweza kuvuka GB 80, kwa hiyo kama mko wawili nyumba moja na kila mmoja anayo, tumieni uhamishaji wa Steam wa ndani ya mtandao: mmoja anashusha, mwingine anachukua kwake bila kula bando.

Faida? Utafiti wa Green na Bavelier kwenye jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kuwa gemu za kasi zinakuza umakini wa macho, hata kwa wasiozoea walipofundishwa kuzicheza. Wa 2007 kuhusu madaktari wa upasuaji ulikuta waliowahi kucheza zaidi ya saa tatu kwa wiki walikosea mara chache zaidi kwenye mazoezi ya upasuaji wa kamera; huo hauthibitishi kwamba gemu ndiyo sababu, na anayeuza kompyuta kwa hoja hiyo anatia chumvi. Faida ninayoiamini zaidi ni kwamba anayejenga mashine yake anajua fundi anapomdanganya.

Nyota iliyopotea: i5-7500 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Kama bajeti inaruhusu, tafuta yenye prosesa ya kizazi cha nane. Na ukiinunua hii hii, badilisha betri ya CR2032, ile ndogo ya mazabodi inayotunza saa, siku hiyohiyo. Ikiisha, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa na Steam inakataa kukuingiza, wakati nywila yako iko sahihi kabisa.