Dodoso la Zarit na PHQ-9: vipimo vya anayemuuguza mgonjwa wa dimensia

Mgonjwa wa dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, akifikishwa kliniki hupimwa shinikizo la damu, sukari na kumbukumbu, ilhali binti au mke aliyemshika mkono haulizwi hata kama amelala. Ndiyo maana nilifarijika sana pale kliniki tunakompeleka mama ilipoanza kuwapima na watunzaji kwa madodoso mawili.

La kwanza ni la Zarit, la kupima uzito wa mzigo wa mtunzaji, lililotungwa Marekani na Steven Zarit na wenzake mwaka 1980. Toleo linalotumika sana lina maswali 22, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu kabisa ni 88. Ubora wake ni kwamba linauliza yale ambayo mtoto hathubutu kuyatamka: kama unaona haya kwa vitendo vya mgonjwa, kama unapandwa na hasira ukiwa naye, kama fedha hazikutoshi, kama unatamani mtu mwingine akupokee kazi hiyo. Kwetu, ambako kumtunza mzazi ni kutafuta radhi na anayelalamika huonekana amekosa adabu, kukuta maswali hayo yameandikwa tayari, tena yanaulizwa kila mtunzaji, humpa mtu ujasiri wa kusema kweli.

La pili ni PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa ya muda mrefu) katika wiki mbili zilizopita, na hutumika bila malipo. Jumla ya juu kabisa ni 27. Anayefikisha 10 anahitaji kuchunguzwa zaidi. Hata hivyo, mtunzaji anayeamshwa usiku kucha na mgonjwa anayetaka kufunguliwa mlango “arudi kwao” atapata alama za usingizi na uchovu hata kama hana sonona, kwa hiyo namba hizo hazijitoshelezi bila mazungumzo. Zarit nayo hupima uzito wa mzigo, haipimi sonona. Kwa maoni yangu yatumike yote mawili.

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Anayekiri kuwa nayo, hata kidogo, mhudumu azungumze naye siku hiyo hiyo, jumla yake iwe ndogo namna gani.

Kasoro niliyoiona ilikuwa katika utaratibu wa kuuliza. Mara ya kwanza muuguzi alinisomea maswali kwa sauti, mama ameketi kando yangu na kaka yangu amesimama mlangoni. Tulipofika kwenye swali la kuona haya, mama aligeuka akanitazama, nami nikajibu “kamwe”. Majibu yaliyofuata yote yakawa ya namna hiyo, na alama zangu zikaonyesha kwamba sina mzigo wowote. Ziara iliyofuata nilipewa karatasi na kalamu katika chumba cha pembeni, na alama zikapanda kiasi cha muuguzi kumwita kaka tukapanga zamu za usiku, kisha akaniandikia miadi ya kumwona mshauri nasaha. Bila hatua hizo mbili, kupimwa kungeniongezea karatasi tu kwenye faili.

Huduma hii naipendekeza kwa kila familia yenye mgonjwa wa dimensia. Atakayekwenda aombe kujaza dodoso peke yake, na aulize mapema ni nani atakayesoma majibu yake na atampeleka wapi alama zikiwa za juu.