Rivyu: kikundi cha kanisani cha wenye shida ya kula (nyota nne)

Haya jamani, watu wananiuliza sana kuhusu kile kikundi cha Alhamisi jioni ninachoenda hapa Dar, cha watu wenye shida ya kula, yaani wale wanaojinyima mpaka wanadondoka na wale wanaokula kwa kujificha halafu wanaenda kujitapisha, na wengi wetu tumepita kote kote. Jina la kanisa sitaji, maana nikilitaja tu watu wataanza kuangalia nani anaingia mlango wa nyuma siku ya Alhamisi. Ila huduma yenyewe naweza kuielezea, na naipa nyota nne kati ya tano.

Bei kwanza, najua ndio mnachosubiri. Bure. Kuna kikapu cha mchango wa chakula, unaweka ulichonacho au huweki, hakuna anayekuangalia. Wanapika akina mama wa kanisa, wali maharage na mchicha, siku nyingine ndizi nyama, na hapo ndipo hawa wanapotofautiana na maombi yote niliyozungushwa huko nyuma, kwa sababu hapa mnakula kwanza. Mama kiongozi ni nesi mstaafu, anaomba sala fupi mno chakula kisipoe, mnakula, na mkimaliza hakuna kunyanyuka, mnabaki hapo hapo mezani mnapiga stori mpaka somo linaanza. Ambaye hajaugua hivi hawezi kuelewa ule muda wa baada ya kula unavyokuwa, kichwa kinapiga kelele, unatafuta sababu ya kwenda chooni. Sasa ukae nao na watu wanaojua unachowaza bila wewe kusema, mmoja anakuchekesha, mwingine anakuuliza habari za kazini, unashtukia muda umepita. Mimi hiyo peke yake naihesabu ni nusu ya matibabu.

Masomo yao yana hatua kama zile za vikundi vya walevi vilivyoanza Marekani 1935, ila kwa mtindo wa kikristo, kama ile Celebrate Recovery, mpango wa kanisani wa kusaidia watu kuacha ulevi na tabia nyingine zinazowatesa, iliyoanzia kanisa la Saddleback kule California 1991, ambayo kanuni zake nane zimejengwa juu ya zile Heri za Mathayo 5. Mwanzoni nilikuwa na wasiwasi kiukweli. Mlevi anaambiwa asiguse glasi tena maisha yake yote, sasa mimi nitaacha kugusa sahani? Hawa wamelifikiria hilo. Hakuna chakula kinachoitwa jaribu, hakuna ati chapati ni mwili na mchicha ni roho. Kinachotakiwa uache ni kujificha, basi, na hicho nawaambia ni kigumu kuliko kuacha chapati.

Na Biblia wanaisoma kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwingine. Ile habari ya binti Yairo wa miaka 12 nimeisikia tangu Sandeskuli, kila mhubiri anaishia pale binti anapofufuka, watu makofi, tumemaliza. Hakuna aliyewahi kunionyesha mwisho wa Marko 5:43, kwamba Yesu akaagiza yule binti apewe chakula. Kumfufua kafanya Yesu mwenyewe, kumlisha kawaachia waliokuwemo nyumbani. Tulikaa na huo mstari jioni nzima na kuna wababa watu wazima walilia. Eliya naye, 1 Wafalme 19, kachoka anaomba afe pale chini ya mretemu, malaika wala hamhubirii, anampa mkate na maji, Eliya analala, anaamshwa anapewa tena. Halafu Danieli! Jamani wale mnaofunga mfungo wa Danieli kila Januari ili nguo ya harusi iwatoshe, someni 1:15 vizuri, wale vijana walikula mboga na maji siku 10 wakatoka WAMENENEPA kuliko waliokula chakula cha mfalme. Nilicheka mpaka mama kiongozi akanikata jicho.

Kwenye kufunga ndio nataka nikae kidogo. Kuna kanisa nilisali zamani, na lenyewe silitaji, mwaka ukianza ni siku 21 za kufunga, na mtu mwenye ugonjwa huu akisikia hivyo ni sherehe, maana sasa ana ruhusa. Kadiri nilivyokonda ndivyo nilivyoonekana wa kiroho, nikapewa mpaka kuongoza maombi. Nilipoanza kuanguka ikawa ni roho ya kukataa chakula, nikakemewa, nikapakwa mafuta, na niliposema nataka kwenda hospitali nikaambiwa imani yangu ndogo. Na wala sio mambo ya walokole wa leo tu, Katarina wa Siena yule mtakatifu alijinyima chakula kwa ajili ya Mungu mpaka hata padri wake akamwamuru ale, ikashindikana, alikufa 1380 ana miaka 33. Kwenye kikundi hiki sheria ni moja na haina mjadala, kama unaumwa hufungi, hata kanisa zima likifunga. Wanakupa Isaya 58, kwamba kufunga anakokutaka Mungu ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako, kwa hiyo wengine wakifunga wewe unapika unapeleka kwa mtu, NA UNAKULA NAYE. Hapo kwenye kula naye ndio wanapokubana.

Kabla hujaanza lazima ukapime, na hilo wengine linawakera. Damu, moyo, na meno pia, kwa sababu kujitapisha kunashusha potasiamu mwilini mpaka mapigo ya moyo yanavurugika, na tindikali ya tumbo inakula meno, na yote hayo yanaweza kukupata huku kwa nje unaonekana bonge tu wa afya. Aliyekaa sana bila kula ndio kabisa hawamruhusu kujilisha kwa fujo, anapelekwa hospitali, maana chakula kingi cha ghafla kinaporomosha madini kwenye damu na kinaweza kuua. Gharama za vipimo ni zako, mjue mapema. Nimewahi kusikia mzee mmoja wa kanisa analalamika kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu tunauigiza, mama nesi akamwambia habari za Fiji, visiwani kule Pasifiki, mwili mnene ndio ulikuwa sifa, TV ikafika mkoa mmoja wa huko 1995, haikuchukua miaka mingi watafiti wakakuta mabinti wa shule wanajitapisha ili wakonde. Mzee akanyamaza, ila sidhani alishawishika.

Nyota niliyoinyima ni ya shuhuda. Ukikaa kidogo tu wanaanza kukusukuma usimame ibada ya Jumapili useme umepona kabisa. Kabisa ipi? Mimi nakula, naenda kazini, hedhi imerudi, lakini wiki mbaya bado zipo, na mtu akishasema madhabahuni kwamba kapona, siku akianguka hatarudi Alhamisi, atajificha, yaani mnamrudisha kwenye kile kile mlichomwambia aache. Nimewaambia, wamesema watalifanyia kazi. Pia grupu la WhatsApp limuteni tu, kuna wanaoandika "umenawiri dada hongera" wakidhani wanakujenga.

Kama uko mkoani au kanisa lenu lina kitu kama hiki, kabla hujajiunga waulize kama wanakula pamoja, kama wanamjua daktari hata mmoja kwa simu, na wakikuona Januari unakula mchana watakuambia nini. Wakijikanyaga kwenye hilo la mwisho ondoka. Na kama unazimia zimia au moyo unaruka, hiyo sio ya kusubiri Alhamisi, nenda hospitali leo, tutakuombea ukiwa na dripu.