Shake Hands with the Devil: jenerali aliyebaki na simu

Ukizoea filamu za vita ambazo steringi anamaliza maadui peke yake, hii ya mwaka 2007 itakukera. Steringi wake ni Roméo Dallaire, jenerali wa Kanada aliyeongoza walinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, na mara nyingi utamkuta yuko kwenye simu, anawabembeleza wakubwa wa New York wamwache afanye kazi waliyomtuma.

Mimi nimeipendea hapohapo. Januari anaomba akakamate silaha zilizofichwa Kigali, anakatazwa. Aprili 6 ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda inatunguliwa ikitokea Dar es Salaam kwenye mazungumzo ya amani, na ndani yake yumo pia Rais Ntaryamira wa Burundi. Kesho yake anauawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, na askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda nao wanauawa. Ubelgiji inaondoa kikosi chake. Aprili 21 Baraza la Usalama linaamua wabaki watu 270 tu. Habari hizi tulizisikia sana miaka ile kesi za mauaji hayo zikiendelea Arusha, lakini kuzisikia ni tofauti na kumtazama mtu akizipokea moja baada ya nyingine, huku nje watu wanakatwa mapanga.

Roy Dupuis, aliyeigiza Dallaire, hapigi kelele. Anakonda usoni. Na kwa kuwa wamepiga picha Kigali kwenyewe, vile vilima havidanganyi. Sehemu iliyonikaba ni ile anayokaa na viongozi wa Interahamwe, wanamgambo waliokuwa wakiua Watutsi, kujadili usalama wa raia, ikabidi awape mkono. Dallaire amewahi kusimulia kwamba kabla ya kuonana nao alitoa risasi kwenye bastola yake, akihofia angewamiminia palepale. Jina la filamu, yaani "Peana Mkono na Shetani", limetokana na mikono hiyo.

Zile sehemu za Dallaire akiongea na daktari wa akili, kwangu ni kidonda cha filamu. Kila mambo yanapopamba moto unarudishwa kwenye kiti chake Kanada. Dakika hizo ningewapa Waghana. Brigedia Jenerali Henry Anyidoho na askari wake walikataa kuondoka wakati wenye zana bora walishapanda ndege, na filamu inawapitia juujuu. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyevusha watu kwenye vizuizi kwa utani na sigara mpaka bomu la mota lilipomuua Mei 31, anastahili filamu yake mwenyewe. Wanyarwanda nao wengi wamewekwa kama wauaji au maiti, hatukai nao majumbani mwao.

Naipa nne kati ya tano. Ila usiiwashe sebuleni watoto wakiwa macho, maana maiti hazikufichwa. Maongezi ni ya Kiingereza, na Kifaransa kinaingia mara kwa mara, kwa hiyo tafuta nakala yenye maandishi chini.