Etudi za Chopin za Yunchan Lim: ngoja ufike ile namba 7

Mimi si mtu wa piano za ukumbini jamani, mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, mazoezi Alhamisi na misa Jumapili basi, lakini hii albamu ya Yunchan Lim iliyotoka kampuni ya rekodi ya Decca 2024 imenimalizia bando wiki mbili mfululizo.

Dogo ni wa Korea Kusini, kazaliwa 2004, ndo yule aliyebeba shindano la piano la Van Cliburn kule Texas 2022 akiwa na miaka 18, hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi kulishinda. Humu kapiga etudi za Chopin, yule mtunzi wa zamani wa piano, 12 za opus 10 na 12 za opus 25 (opus ni namba tu ya kitabu cha kazi za mtunzi). Etudi ni zoezi, yaani Chopin alikuwa anachukua tabu moja ya mkono anaitungia muziki, na opus 10 imechapishwa 1833 naye yuko kwenye 23 hivi, kwa hiyo hapa ni kijana anampiga kijana mwenzie. Namba 2 ya opus 10 ndo ina roho mbaya: vile vidole vitatu vya mwisho vya kulia, vinyonge, vinapanda na kushuka bila kupumua huku gumba na cha shahada vinadonoa noti za kusindikiza chini yake. Nilijaribu kwenye kinanda chetu, mwendo wa kobe kabisa, mstari wa pili tu mkono ukafa ganzi. Dogo anapita kama anafuta vumbi mezani.

Ila watu wanasifia spidi tu na hapo ndo nagombana nao. Spidi ipo na saa nyingine imezidi, ile ya mwisho ya opus 10 wanayoiita ya Mapinduzi kwangu imepita kama basi la mkoani, nilitaka ile besi ingurume kwanza.

Sasa nenda opus 25 namba 7. Unaanza mkono wa kushoto peke yake, kama mzee anayekohoa kidogo kabla hajaongea msibani. Wa kulia unakuja baadaye, lakini wimbo wenyewe uko kushoto, besi inaongea soprano inaitikia. Miaka yote nimepiga besi kushikilia wengine wasidondoke, sikujua kumbe na yenyewe inaweza kulia hivi. Na hapa hana haraka hata, noti anaichelewesha mpaka unatamani umsukume.

Halafu onyo, opus 25 namba 11, ile ya upepo wa kipupwe. Inaanza kwa noti chache kimyakimya, mi niko kwenye daladala konda anagonga bati, nikaongeza sauti mpaka mwisho ili nisikie. Kumbe najitega mwenyewe. Kulia kulivyomwagika kutoka juu nilishtuka goti likagonga siti ya mbele, mama wa watu akageuka, "Vipi mwanangu, umepata taarifa mbaya?" Nikamwambia hapana mama, samahani, ni kinanda.

Yote haifiki saa nzima. Msisikilizie spika ya simu maana besi haisikiki na namba 7 inakuwa imekufa, tafuta hata earphone za elfu tano. Nampa nne na nusu kwa tano, hiyo nusu atachukua akirudi kuipiga ya Mapinduzi taratibu.