SACD kwenye homu thieta: miezi minne nilikuwa nasikiliza CD

Shemeji yangu anaishi Hamburg. Alipokuja Dar likizo aliniletea diski nane, sita za SACD na mbili za DVD-Audio, aina mbili za diski za muziki zinazobeba sauti ya kiwango cha juu kuliko CD, pamoja na chaneli za spika nyingi. Wakati huo nilikuwa na homu thieta ya seti nzima: deki, spika tano na sabufa. Muuzaji alinihakikishia kwamba inasoma diski za kila aina, na kweli nilipoziweka zilipiga. Miezi minne nikawa nazisifia kwa kila mgeni aliyeingia sebuleni.

Kilichonifumbua macho ni diski moja ya piano iliyogoma. Nikaifuta kwa kitambaa laini, nikaitoa na kuirudisha, wapi! Fundi akaniambia diski imekufa, kumbe nzima kabisa. SACD nyingi zina matabaka mawili: moja ni CD ya kawaida, ambayo deki yoyote inaisoma, na la pili ndilo lenye sauti ya DSD (mfumo wa sauti ya kidijitali wa SACD), linalotaka mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ile ya piano haikuwa na tabaka la CD. Kwa hiyo zile tano nyingine nilikuwa nazisikia kwa biti 16 na kHz 44.1, sawa na CD yoyote niliyokuwa nayo kabatini. DVD-Audio nazo deki ilikuwa inachukua Dolby Digital, yaani sauti iliyobanwa, ya upande wa video wa diski, ikiiacha sauti yenyewe ya biti 24. Iliniuma sana, maana nililipa nikiamini neno la mtu.

Nikajibana, nikanunua deki ya Sony UBP-X800M2 iliyotumika, inayosoma SACD na DVD-Audio, pamoja na risiva (mashine inayopokea sauti na kuendesha spika) yenye HDMI. Siku ya kwanza niliunganisha kwa mazoea: deki kwenda kwenye TV, halafu waya wa optiko kutoka TV hadi risiva. Piano ikapiga, lakini kwa spika mbili za mbele tu. Waya wa optiko haubebi DSD, wala haubebi chaneli tano na sabufa bila sauti kubanwa kwanza. Nikachomeka HDMI kutoka deki moja kwa moja hadi risiva, nikaingia kwenye mipangilio ya deki na kuweka DSD kwenye Auto. Deki hii haina kioo cha maandishi, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye risiva. Herufi DSD zilipowaka, nikajua sasa ndiyo yenyewe.

Mkinunua risiva ya mtumba, ulizeni toleo la HDMI. DVD-Audio ilianza kupita kwenye toleo la 1.1 la mwaka 2004, DSD ikaja na 1.2 mwaka 2005. Risiva isiyo na HDMI huenda ikawa na matundu sita ya analogi nyuma. Hayo pia yanafaa, ila mtafute deki ya zamani yenye matundu kama hayo, kwa sababu X800M2 haina.

Je, tofauti inasikika? Kwa spika mbili, nikilinganisha matabaka mawili ya diski ileile, mara nyingi sikuweza kusema hii ni ipi. Kwa chaneli zote ni jambo jingine kabisa. Kwenye diski ya kwaya mwangwi wa kanisa unatoka nyuma yangu, waimbaji wako mbele, na kila sauti ina mahali pake pa kusimama. Hapo ndipo pesa yangu ilipoenda, na siijutii.

Baadaye nilizima DSD, nikaiachia deki igeuze kuwa PCM, mfumo wa kidijitali unaotumika hata kwenye CD. Spika zangu ni ndogo, na risiva yangu ikipokea DSD ghafi haipeleki besi ya spika hizo kwenye sabufa. Kwa PCM inapeleka, na ngoma za chini zimerudi. Mwenye spika kubwa za sakafuni aiache Auto.