Uzoefu wangu: maua ya ndani yaliyokuja na majina yasiyo yao

Nimenunua maua ya ndani kwenye duka moja la mtandaoni hapa Dar es Salaam, wale wanaokuonyesha picha, unalipa kwa simu, bodaboda anakuletea hadi mlangoni. Jina la duka sitalitaja, maana ninayotaka kusema yanawahusu wauzaji wengi wa maua mjini.

Nianze na haki yao. Vyungu vyote vitano vilifika salama, udongo bado una unyevu, hakuna jani lililovunjika pamoja na foleni yote ya Mwenge. Nilipekua chini ya majani nikitafuta wale wadudu weupe kama unga, sikuwaona. Vyungu vimetobolewa chini, jambo ambalo wauzaji wengi hawalijali, halafu wateja wanabaki kushangaa maua yanaoza. Kijana wa bodaboda naye alisubiri bila kununa nikikagua kimoja kimoja. Kwa ufungaji na usafiri sina neno.

Shida ni vile vikadi vilivyochomekwa kwenye udongo. Kila kikadi kina jina la mmea, asili yake na namna ya kuutunza. Kati ya vitano, kilichosema kweli ni kimoja tu, cha monstera, ule mmea wa majani mapana yenye matundu.

Ulionisumbua zaidi ni ule ulioandikwa "Kaktasi ya Meksiko, haina usumbufu, inafaa chumba cha watoto". Shina lake lina pembe tatu, na kwenye kingo kuna majani madogo yaliyojipanga, kila penye jani pana miiba miwili. Hapo nikaingiwa na shaka. Kaktasi ya kweli, miiba yake huchomoza kwenye kijivimbe chenye manyoya laini, na kwa kawaida mingi kwa pamoja. Huu haukuwa na vijivimbe hivyo. Nikavaa glavu, nikaugusa kwa ncha ya sindano, papo hapo ukachuruzika utomvu mweupe kama maziwa. Ni Euphorbia trigona, mmea wa Afrika. Familia yake ni ile ya muhogo, mnyonyo na mbono, na ndugu yake wa karibu ni mnyaa tunaoupanda uzio.

Aliyekulia karibu na uzio wa mnyaa anajua alivyokuwa akikemewa na bibi asiuvunje. Utomvu wa jamii hii huwasha na kuunguza ngozi, na ukiingia jichoni maumivu yake ni makali, mtu anaweza hata asione kwa muda. Ukikupata, osha jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali usingoje kesho. Sasa mtu akiambiwa ni kaktasi, ataihofia miiba tu. Atamwacha mtoto acheze karibu mradi asijichome, na siku ya kupunguza matawi atakata kwa mikono mitupu. Hilo ndilo lililonikasirisha. Kosa la jina hapa linaweza kumfikisha mtoto kwa daktari wa macho.

Kufanana kwa mimea hii kuna sababu yake, na sikatai kwamba muuzaji anaweza kukosea kwa nia njema. Kaktasi karibu zote asili yake ni Amerika, na euphorbia za namna hii ni za Afrika. Kila upande ulipambana na ukame kivyake, ukaishia kutunza maji ndani ya shina na kubaki na majani machache au kukosa kabisa. (Nasema karibu zote kwa sababu iko moja, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe hadi misitu ya huku kwetu, lakini hiyo inaning'inia mitini kama nyuzi, huwezi kuichanganya na hii.) Ila muuzaji anayekata vipandikizi vya mmea huu kila wiki ameshauona utomvu. Hawezi kusema hakujua.

Wa pili ni ZZ. Kikadi kilisema: "Mtende wa ndani, asili Uholanzi, mwagilia kila siku." Kwa mstari mmoja, makosa matatu. ZZ ni Zamioculcas zamiifolia, na si mtende. Uko familia moja na magimbi, pamoja na monstera na maua mengine mengi yanayouzwa kwa ajili ya sebule. Kwao ni mashariki na kusini-mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya, kupita Tanzania bara na Zanzibar, hadi KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini. Wazungu waliuandika vitabuni tangu 1829, lakini uliingia sana madukani baada ya vitalu vya Uholanzi kuanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Ndipo ukaturudia kama mgeni, na bei ya mgeni: nimelipa shilingi 45,000.

Inaniuma kwa sababu si mmea wa kwanza kutufanyia hivyo. Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara lilipelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Leo linapamba madirisha Ulaya na Marekani, na muulize mtu wa Tanga mjini kama analijua.

Turudi kwenye kumwagilia, maana hapo ndipo pesa ya mteja inapopotea. Nilipouhamishia ZZ chungu kikubwa niliona viazi chini ya mashina, vinene, vimejaa maji. Mmea wenye akiba hiyo ukiumwagilia kila siku unaoza kuanzia chini, majani yanageuka njano, na wewe unadhani una kiu, unauongezea. Subiri udongo ukauke kabisa ndipo umwagilie. Wangu sasa umetoa machipukizi mapya. Na kwa kuwa ni ndugu wa magimbi, usiutafune: una zile fuwele za kalsiamu oksaleti zinazomwasha mtu anayemenya gimbi bichi.

Waliobaki nitawapitia haraka. "Mianzi ya bahati kutoka China" si mianzi, ni Dracaena sanderiana, asili yake Afrika ya kati, na inakubali kukaa ndani ya maji, kwa hiyo hapo sina ugomvi mkubwa. "Filodendroni" iligeuka kuwa ule mmea wa pesa wa kawaida, Epipremnum aureum. Utautambua kwa kikonyo chenye mfereji kwa juu, na jani jipya linalojifungua kutoka ndani ya kikonyo cha jani lililotangulia. Filodendroni hulifunika jani changa kwa ganda jembamba ambalo baadaye hukauka na kudondoka. Matunzo yao yanakaribiana, tofauti iko kwenye bei: niliuziwa 30,000, na kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Bagamoyo naupata kwa 8,000.

Niliwatumia picha na maelezo. Dada wa huduma kwa wateja alinijibu kwa heshima, akanirudishia tofauti ya bei ya filodendroni siku ileile, na maelezo ya ZZ wakayarekebisha. Kuhusu kaktasi jibu lilikuwa: "Dada yangu, hiyo kila mtu anaiita kaktasi." Mzee mmoja wa kitalu cha barabarani, asiye na vikadi wala ukurasa mtandaoni, aliutazama kwenye simu yangu akasema bila kusita, "Huyo ana maziwa, mweke mbali na watoto."

Natoa nyota mbili kati ya tano. Monstera na ZZ ningenunua tena kwao, mimea yao ni mizuri. Chochote chenye miiba, omba kwanza picha ya karibu ya mwiba na shina kabla hujalipa. Hadi naandika haya, kwenye orodha yao ile Euphorbia bado ni kaktasi, na bado inafaa chumba cha watoto.